Harufu ya petroli asubuhi: barua kwa mwanangu aliyeko Dodoma

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Sauti uliyonitumia juzi niliisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa nakula mbaazi, ya pili nikiwa nimeacha kula. Unasema Corolla yako inanuka petroli asubuhi tu, na ukifika kazini harufu imeshakwisha. Fundi wa huko amekaza klipu moja, kile kibano cha chuma kinachoshika mpira, akasema tatizo limeisha, na kesho yake ikanuka tena. Sasa unaniuliza: ile mipira inayopitisha petroli, ubadilishe mmoja unaovuja, au yote?

Yote. Na mpaka ibadilishwe, gari lisiwashwe. Panda daladala.

Nikwambie kwa nini inanuka asubuhi tu. Mpira wa mafuta ukizeeka hukakamaa. Usiku wa Dodoma mwezi huu wa saba una baridi yake. Mpira unasinyaa, chuma nacho kinasinyaa, lakini havisinyai sawasawa, na pale chini ya klipu unabaki upenyo. Ukipiga stata, pampu inasukuma na petroli inaanza kutoka kama jasho. Injini ikishapata moto, mpira unalegea na kuziba ule upenyo. Kwa hiyo fundi aliyefungua boneti saa saba mchana alikuta kukavu, akakaza klipu iliyokuwa karibu na mkono wake. Simlaumu sana. Na mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo, tena si kwa gari la mteja.

Hukuwa umezaliwa. Nilikuwa na pikapu ya Peugeot 504, nabeba machungwa kutoka Muheza kuleta mjini. Siku tatu mfululizo ilinuka, na siku tatu mfululizo nilishika bisibisi nikakaza klipu ile ile. Ilikuwa klipu ya bei ndogo, ile yenye matundu matundu kwenye mkanda wake. Ukiikaza kwenye mpira uliokwisha kuwa mgumu, kingo zake zinaula mpira kidogo kidogo kama panya. Siku ya nne, karibu na Pongwe, nikaona moshi unatoka kwenye boneti. Nikaifungua wazi kabisa, kosa la pili, maana moto uliokuwa unajikongoja nikaupa hewa ya kutosha. Watu wakaja na mchanga wa barabarani, Mungu awabariki, wakauzima. Nyusi zangu zilirudi baada ya miezi. Machungwa hayakurudi, nadhani waliozima moto waliona ni malipo halali.

Ile pikapu ilikuwa ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Kwenye kabureta mafuta huja kwa nguvu ndogo, psi (kipimo cha msukumo) tatu, nne, tano hivi, na mpira ukitoboka unadondosha. Gari lako la mwaka 1994 lina injekta, vile vipulizio vinavyorushia petroli ndani ya injini. Wewe tairi zako unajaza upepo 32, siyo? Basi ndani ya mpira wa mafuta wa gari lako, injini ikivuta kwa nguvu, mna psi 38 hadi 44, zaidi ya tairi. Huo ukipasuka haudondoshi, unanyunyiza, na unanyunyiza juu ya injini yenye moto. Hapo ndipo tofauti yangu na yako ilipo, na ndiyo iliyonifanya niache mbaazi.

Kwa hiyo usikubali kuwekewa mpira wowote ulioandikwa "wa mafuta" kwenye boksi. Soma ubavuni mwa mpira wenyewe. Ukiona SAE 30R7, alama ya kiwango cha mpira, huo ni wa kabureta, umetengenezwa kuhimili psi 50 hivi. Kwa injekta umekaa ukingoni mno. Unaoutaka umeandikwa 30R9, wa psi 100. Na ule mpira mweupe unaoonyesha mafuta ndani, ambao vijana wa bodaboda wanaupenda, uache hapo hapo kwenye bodaboda. Ukikaa na petroli na joto la injini unakuwa mgumu kama ukucha. Pia kuna kipande kilichomo ndani ya tangi, kinachoogelea kwenye petroli nje na ndani. Hicho kina mpira wake, 30R10, kwa sababu 30R9 haikutengenezwa kulowa kwa nje. Mwambie fundi hilo hata kama atakunja uso.

Sasa jambo la gari lenyewe, maana nalijua kuliko unavyolijua wewe. Yule mwalimu aliyekuuzia alikuwa akililaza nje, Raskazone, upepo wa bahari unalipiga miaka yote. Chumvi haina shida na mpira, ina shida na paipu za chuma ambamo mpira unachomekwa. Kutu hupenda kujificha chini ya klipu, mahali ambapo unyevu haukauki. Mpira wa zamani ukichomolewa, paipu inaweza kuonekana imeliwa mashimo mashimo. Kutu ya juu juu inaondoka kwa msasa laini. Lakini kama kuna vishimo, hata mpira mpya hautaziba. Paipu hiyo ibadilishwe, asije mtu akaipaka gundi. Na kabla ya kuuzwa, gari lilikaa miezi mingi bila kuwashwa, nililiona kwa macho yangu. Mpira uliozoea petroli ukikauka unapasuka.

Ukaguzi unaweza kuufanya mwenyewe, alfajiri kabla jua halijachoma, gari likiwa nje si ndani ya banda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya, kwa hiyo jiko la mkaa la jirani liwe mbali. Tumia tochi ya betri, si taa ya waya yenye glopu. Ikianguka ikapasuka tumekwisha. Injini ikiwa baridi, minya kila mpira kwa vidole, kisha ukunje kidogo. Mzima unarudi kama ulivyokuwa. Mbovu ama umekauka kama kuni, ama umekuwa mlaini kama kitumbua, na ukiukunja unaonyesha magaga kama ya kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Kisha pitisha karatasi nyeupe ya chooni kwenye kila kiungo na uinuse. Usisahau nyuma: chini ya kiti cha nyuma kuna kifuniko cha pampu juu ya tangi, na kuna mpira mnene wa mahali unapojazia mafuta. Gari likinuka zaidi siku uliyojaza tangi, anza na huo mnene.

Ila usijidanganye kwa macho. Mpira huoza kuanzia ndani. Nimeukata mpira ambao nje uling'aa kama mpya, ndani ngozi imebanduka, vipande vimekwenda kuziba chujio. Ndiyo maana nimekwambia yote: ilifungwa siku moja kiwandani, imekula petroli ile ile na joto lile lile. Ukibadilisha mmoja, unangoja wa pili uvuje.

Kazi yenyewe mwachie fundi, lakini kaa naye. Kwanza akate umeme wa pampu na kuliwasha gari mpaka lizimike lenyewe, apige stata mara mbili tena, ndipo afungue mfuniko wa tangi na kutoa waya wa hasi wa betri. Asiyefanya hivyo atamwagiwa usoni, na wewe utakuwa umesimama karibu. Mpira ukatwe kwa wembe, si kwa msumeno. Uingie mpaka upite kile kivimbe cha paipu, na klipu ikae nyuma ya kivimbe, si juu yake. Wa milimita 6 usilazimishwe kwenye paipu ya 8. Na ukikuta mpira wenye vichwa vya chuma vilivyobanwa kiwandani, huo haukatwi ukaunganishwa kwa klipu. Unabadilishwa mzima, pamoja na washa zake, zile pete za kuziba. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopenda njia ya mkato.

Ukimaliza, liwashe ukiwa umelisimamia na tochi, dakika kumi. Kisha kesho yake alfajiri, kwenye baridi, ulitazame tena. Hiyo ya pili ndiyo muhimu. Na ule mtungi wa kuzimia moto unaoubeba kwa ajili ya trafiki, tazama kama mshale uko kwenye kijani, uutoe chini ya nguo za mtumba uuweke karibu na kiti chako. Moto ukitokea, usifungue boneti yote kama baba yako. Ifungue upenyo mdogo tu, upulize hapo.

Leo nimepeleka boksi kwenye basi la asubuhi, utalipokea stendi kesho. Ndani mna mita mbili za mpira wa milimita 8 na mita moja ya milimita 6, yote 30R9, nimesoma maandishi kwa miwani ya mama yako. Mna klipu kumi na mbili za mkanda laini, za nati na bolti. Ziko chini, mama yako ameweka nazi juu. Sijapima gari lako, kwa hiyo fundi apime kabla ya kukata. Ya ndani ya tangi sikuipata hapa, itafute huko.

Mipira ya zamani usimwachie fundi wala usiitupe. Irudishe kwenye boksi hilo hilo. Nataka kuipasua nione ndani.

Baba yako