Kabla Hujanunua Mashine ya Kukatia Miti, Nunua Kamba

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kukata na kupogoa miti hapa Mwanza huniuliza swali moja: ninunue mashine gani? Nawajibu kwamba mashine ni ya mwisho kwenye orodha. Msumeno wa mnyororo unaweza kuukodi kwa siku, na ukiharibika kazi inasimama tu. Kamba ikikatika ukiwa juu ya mwarobaini, hakuna cha kusimamisha. Kama mtaji wako ni mdogo, pesa ya kwanza iende kwenye kamba ya kupandia, mkanda wa mwili na kofia ngumu. Kisha nunua suruali ya kinga. Mashine itakuja.

Nianze na kamba, maana hapo ndipo ninapowaona wengi wakiweka roho zao rehani. Mji wetu ni wa wavuvi. Ukienda Mwaloni, Kirumba, utakuta kamba za kila rangi kwa bei nafuu, na anayeanza kazi anaona amepata. Zile kamba nyepesi za plastiki zinafaa sana ziwani kwa sababu zinaelea. Ni za polipropilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji. Juu ya mti sifa hiyo haikusaidii kitu. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 na kidogo, na kamba ikisuguana na kamba nyingine unaposhuka kwa haraka, joto hupanda ghafla. Jua nalo huila: ikikaa nje muda mrefu inakakamaa, ukiikunja inatoa unga, na hapo nguvu yake imeshakwenda. Tena ni telezi, fundo hulegea kidogo kidogo bila wewe kujua. Ya kupandia iwe ya nailoni au poliesta, iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba mtu, unene wa milimita 11 hadi 13, na iwe na lebo inayoonyesha uzito inaohimili. Kabla ya kila kazi ipitishe yote mkononi, ncha hadi ncha, ukitafuta mahali palipochunika, palipovimba au palipolainika kuliko kwingine. Ukipaona, ikate hiyo kamba vipande vifupi papo hapo, ili kesho mwenzako asije akaiokota akadhani ni nzima.

Kamba ya kushushia matawi iwe nyingine kabisa, na rangi nyingine. Hiyo hupokea mshtuko kila tawi linapodondoka na kuning'inia, na kamba iliyokwisha kupigwa mishtuko haifai kubeba mtu. Na ukiwa juu na mashine, uwe umefungwa sehemu mbili: kamba kuu, na ile fupi inayozunguka shina, bora yenye waya ndani. Mnyororo unaozunguka ukigusa kamba mara moja tu, imekwisha.

Kofia iwe na mkanda wa kidevuni, wavu wa uso na vizuia sauti. Masikio huanza kuumia kwenye desibeli 85 ukikaa humo siku nzima, na mashine hizi hupita 100. Suruali ya kinga ndiyo watu hawaielewi. Wanaishika dukani, wanaona ni laini, wanasema haiwezi kuzuia mnyororo. Haizuii kwa ugumu. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukipasua kitambaa cha juu, nyuzi hizo zinavutwa, zinajisokota kwenye gia na mnyororo unakwama. Jinzi haifanyi hivyo hata ukivaa mbili. Na kama umeajiri vijana, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka wewe mwajiri uwape vifaa vya kinga, kwa hiyo gharama hiyo iingize kwenye bei unayomtajia mteja. Wapo watakaosema, "Mwanangu, wenzako wananitajia nusu ya hiyo." Mwonyeshe mteja huyo vifaa vyako kimoja kimoja, mweleze kila kimoja ni cha nini. Wengi wakishaelewa hulipa, kwa sababu hakuna anayetaka kijana wa watu afie uani kwake.

Siku ukifikia kununua mashine, usianze kuuliza ukubwa wa injini. Angalia breki ya mnyororo, ule mkono ulio mbele ya mpini. Sehemu ya juu ya ncha ya baa, lile bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, ikigusa mti, mashine hurukia nyuma kuelekea uso na shingo, na hakuna binadamu wa kuiwahi, breki huiwahi. Zile mashine kubwa kuukuu za kupasulia mbao ambazo hazina breki hiyo zisipande juu ya mti kabisa. Mafuta changanya kama kitabu chake kinavyosema. Nyingi za siku hizi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa lita moja ya petroli.

Sasa mji wenyewe. Kanuni ya kuangusha mti inasema watu wakae mbali mara mbili ya urefu wake, na mkataji awe na njia ya kurudi nyuma kwa mshazari. Ni kanuni sahihi, lakini inataka uwanja. Nenda Isamilo, Mabatini au Igogo uone: mwembe umebanwa kati ya majabali, na bati la jirani wa chini liko mita chache kutoka kwenye mizizi. Huko mti hauangushwi. Unashushwa vipande kwa kamba, kuanzia juu. Kabla ya kupanda, kagua mizizi, kwani mara nyingi imetambaa juu ya jiwe bila kuzama. Ukiona udongo umeinuka au umepasuka upande mmoja, usiutegemee mti huo ukubebe. Kila kipande kifungwe kabla ya kukatwa, na asisimame mtu upande wa bondeni hata kwa kupokea maji ya kunywa. Gogo likianza kubingirika kwenye mteremko wa mawe halina wa kulizuia.

Anza mapema. Alfajiri huwa na utulivu, lakini jua likishapanda upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, na kichwa cha mti chenye majani hushika upepo kama tanga. Mimi hutaka matawi mazito yawe yameshuka kabla ya saa tano.

Mti ukiwa karibu na nyaya za TANESCO, usipande mpaka wenyewe waje wazime. Laini za kilovolti 11 au 33 zinaweza kurusha umeme hewani kabla hujagusa waya, na tawi bichi au kamba iliyolowa huupitisha. Kagua pia mashimo ya shina. Kama kuna nyuki, mtafute mrina asali kwanza, maana aliyefungwa kamba juu hana pa kukimbilia.

Upande wa magari, jifunze kukadiria uzito. Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 2 lina nusu tani, na kirikuu cha Kijapani kimeundwa kubeba kilo 350. Ukilipakia hivyo ukashuka nalo mlima wa Bugando, unategemea breki ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Likate vipande, au leta Canter. Gari likisimama kwenye mteremko liwe kwenye gia, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na utingo asipande juu ya magogo. Mbao au magogo yakienda safari, pata kwanza kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ukitumia gari kuvuta mti, pitisha kamba kwenye kapi lililofungwa shina jingine, ili gari liwe pembeni na si pale mti unapoangukia. Na asisogee mtu karibu na kamba iliyokazwa.

Lakini gari muhimu kuliko yote ni lile lisilopakiwa kitu. Liwe na mafuta, limegeuzwa kuelekea barabarani, na magogo yasilizibe, ili mtu akiumia afike hospitali ya Sekou Toure au Bugando bila kuhamisha mzigo kwanza. Mpandaji awe na bandeji kubwa kiunoni, ya kukandamizia jeraha akiwa bado juu. Na chini awepo wa pili anayejua kupanda, amevaa mkanda wake tayari, na kamba yake mwenyewe. Aliyezimia akining'inia kwenye mkanda yuko hatarini ndani ya dakika chache, kwa sababu damu hubaki miguuni; hana muda wa kungoja zimamoto watafute njia kati ya mawe. Kabla masika hayajaanza mwezi Machi, chukueni siku moja mkafanye zoezi kwenye tawi la chini: mmoja ajifanye amezimia, mwingine apande amshushe, kisha mbadilishane mpaka kila mtu kwenye kundi awe ameshusha mwenzake.