Swali la lugha: "Kama mkono na glovu", inafaa?

Msomaji kaniuliza hivi: kwenye ripoti ya kazini aliandika "tunafanya kazi na wasambazaji wetu kama mkono na glovu", bosi akamrudishia ikiwa na mstari mwekundu. Anataka kujua kosa liko wapi, kwani Waingereza si wanasema "hand in glove"?

Wanasema, tena zamani ilikuwa "hand and glove". Ila ndugu yangu hata kwao msemo huo siku hizi una harufu kidogo, ukisikia mkaguzi na anayekaguliwa wako hivyo ujue hapo kuna njama, kwa hiyo huenda bosi hana shida na glovu, shida yake ni hiyo harufu 😀 Watu wa aina hiyo sisi tunasema lao moja, imeisha. Ukitaka kusifia ushirikiano andika tu "tunashirikiana kwa karibu" au "bega kwa bega", ripoti haidai zaidi ya hapo.

Wengi hukimbilia "chanda na pete". Mimi kwenye ripoti siiweki, hiyo ni ya marafiki wa kufa na kuzikana, wapenzi, watu ambao ukimwona mmoja unauliza mwenzake yuko wapi (wazee wangekwambia uta na upote), sasa ukimwandikia msambazaji wa karatasi yanakuwa mahaba ghafla. Na ule msemo wa Kiingereza wa kampuni kuwa "kitandani" na wanasiasa, tafadhali usiutafsiri kabisa, kwao ni kushirikiana kwa kificho, huku utakuwa umewazushia watu skendo.

Kinachonikera zaidi kuliko glovu ni hii "patna". Mume patna, mliyefungua naye biashara patna, mnayecheza naye karata patna, na msomaji abahatishe! Kama mmetia mtaji pamoja huyo ni mbia. Mnasaidiana kazi tu bila mtaji, mshirika. Mnaishi pamoja, mwenzi. "Mwenza" ndiyo ina mitego, mwenyekiti mwenza sawa, wawili wanashika cheo kimoja, lakini mke mwenza ni mke mwingine wa mumeo, na wengi wakisikia "mwenza wangu" tupu wanaelewa ni mume au mke, kwa hiyo ukimtambulisha hivyo wa ofisini jiandae kupewa hongera.

Kwenye maongezi patna sina ugomvi nayo. Kwenye mkataba andika mbia, maana siku ya kugawana faida ndipo mtu anapogeuka kusema wewe ulikuwa rafiki tu.