Mzimu Keshamtaja Muuaji, Inspekta Afanye Nini?

*Assalaam aleikum Bi Mkubwa wa Vitabu. Mie kijana wa Wete, naandika riwaya yangu ya mwanzo. Kuna mnunuzi wa karafuu za magendo kakutwa maiti kwenye magofu ya Pujini, huku Pemba, inspekta kaletwa kutoka makao makuu ya polisi Ziwani, Unguja, akaingia kile chumba cha chini ya ardhi pale magofuni, alivyotoka tu akawa anamsikia Mkama Ndume mwenyewe, yule mtawala wa kale wa Pujini, anazungumza nae. Tatizo, sura ya 5 Mkama keshamtaja muuaji na mie zimebaki kurasa 150 sina cha kuandika. Ndugu yangu kasoma kaniambia toa uchawi wote bakisha polisi. Nitoe?*

Waaleikum salaam mwanangu. Usitoe kitu, na huyo ndugu yako usimpe tena aisome mpaka umalize.

Uchawi hauna kosa, kosa Mkama wako anajua mno, anaongea kama mtu aloshinda anasoma faili la polisi. Magofu yale ni ya karne ya 15, karafuu zimekuja visiwani karne ya 19, yaani huyo bwana kafa hajauona mkarafuu hata mmoja! Boti ya faiba haijui, simu ndo kabisa. Sasa we mwache aone kila kitu lakini asimulie kwa maneno yake: mtu kashuka kwenye chombo kisicho na tanga kinanguruma, kashika kibao kinatoa mwanga kama wa mbalamwezi, na mwilini ananuka kitu kikali ambacho Mkama hajapata kukinusa. Inspekta ayaandike hivyohivyo kwenye daftari akeshe nalo gesti ya Chake, hiyo harufu ni karafuu au petroli? Mana'ke ikiwa karafuu ni mtu wa shamba, ikiwa petroli ni nahodha, na hapo umepata sura tatu nzima za upelelezi na mzimu wako uko palepale.

Halafu mpe tabia basi. Wenyewe wa Pujini wanahadithia alivyowatesa watu, wanabebeshwa mawe vichwani huku wanajikokota kwa makalio, na kisima chake kimekatwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane. Mtu wa namna hiyo anaisaidia serikali bure? Kila akisema neno inspekta apoteze kitu, mie ningemwondolea majina, leo kasahau jina la dereva, kesho la mkewe. Na kile chumba ukutani palikutwa mbiu, lile baragumu la kupuliza, imetokezwa kwa chokaa, we umeipita kwa sentensi moja, aah, hapo umenisononesha, ile ndo ilitakiwa ilie usiku!

Jengine, hata jina likishajulikana hakimu hapokei ushahidi wa mzimu. Inspekta anajua na hawezi kusema, na maiti kashazikwa siku ileile kabla ya alasiri kama ada yetu, akitaka afukuliwe lazima awaeleze wafiwa kwa nini. Awaambie nini?

Ngoja nikupe kisa changu. Nilivyokuwa na miaka tisa, mtaani kwetu Ng'ambo, cherehani ya mama iliibiwa. Mama hakwenda polisi, alitangaza tu mferejini, wanawake wote wapo na ndoo zao, kwamba Ijumaa anasomesha halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi. Wala haikufika kusomwa. Alkhamisi alfajiri cherehani iko mlangoni imefunikwa gunia, mtaa mzima unasema mnaona nguvu ya halbadiri hiyo. Mie nikaiinamia nikaona bobini haimo, na chini ya sindano kumenasa kipande cha uzi wa kijani, na kwetu uzi wa kijani hatukuwa nao. Kwa hiyo halbadiri ndo iliyomtoa mwizi, lakini wa kumtaja ulikuwa ule uzi, na we inspekta wako umpe vyote viwili.

Sikukuu ilipofika mtoto wa jirani kaja kwetu kavaa gauni jipya la kijani. Mama kalitazama lile pindo kwa muda, kisha kampa pesa ya sikukuu sawa na wenzake, na mie nilipotaka kufungua mdomo nikafinywa paja.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Hivi riwaya za upelelezi zenye mambo ya mizimu ziko za Kiswahili au zote za Kizungu? Msomaji, Makunduchi.*

Marahaba, ulikuwa umelala wapi! Muhammed Said Abdulla ni Mzanzibari mwenzako, Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 na ikatoka kitabu 1960. Mpelelezi wake Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, watu wanaulaumu mzimu yeye anatafuta binaadamu, kwa hiyo si njia ya kijana wetu wa Wete, pale mzimu ni pazia tu la kujifichia mtu. Ukimaliza tafuta Kisima cha Giningi, 1968. Usije kuazima kwangu lakini, nakala yangu imechukuliwa haijarudi, na mchukuaji ajue kuwa Ijumaa si mbali.