Hela ya korosho inaishia wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo, mie nipo Mtwara mjini, korosho zinauzwa, gesi ya Mnazi Bay ipo, mbona mtaani hela haizunguki? Wachumi wanapimaje haya mambo?

JIBU: Marahaba. Wanatumia jedwali la Leontief, yule mchumi wa Nobel ya uchumi 1973, linaloonyesha sekta ipi inauza kwa ipi: mistari ya kulala ni sekta zinazouza, safu za wima ni zinazonunua. Mchumi Hewings na wenzake walivyopima Chicago, Marekani, wakaona sekta za pale zinazidi kununua nje ya mkoa badala ya kununuliana zenyewe. Sasa korosho yetu ikipanda meli ghafi kwenda India, kubangua, kufungasha na mishahara vyote vinahesabiwa kule, huku inabaki ya mkulima, makuli na magunia (nayo mara nyingi yanaagizwa!). Ila jedwali la mwaka mmoja halikuonyeshi mabadiliko, linganisha ya miaka mingi.