Pointi za Wanachama ni Deni: Kupanga Fedha za Tovuti Ndogo ya Zawadi

Nilipoanzisha tovuti ndogo inayowapa wanachama pointi kwa kujaza madodoso na kujaribu programu mpya, daftari langu la hesabu lilikuwa na safu mbili tu, ya mapato na ya matumizi. Kwa miezi minne mapato yalizidi matumizi, nami nikaamini kwamba nilikuwa nikipata faida. Mwezi wa tano wanachama wengi waliomba malipo kwa pamoja, na ndipo nilipotambua kuwa fedha niliyoiita faida ilikuwa haki yao ambayo hawakuwa wameidai bado.

Kwa hiyo, kabla hujalipia hata jina la tovuti, kubali kwamba pointi ni deni tangu inapothibitishwa katika akaunti ya mwanachama. Zidisha pointi zote ambazo hazijalipwa kwa thamani ya pointi moja. Jumla utakayopata si yako, hata kama imelala benki kwa jina lako. Wapo wanaohesabu pointi za wanachama waliotoweka kuwa pato. Mimi sishauri hivyo, isipokuwa kama masharti yaliyowekwa wazi tangu mwanzo yalitaja muda wa pointi kuisha na muda huo umepita.

Jambo lililonigharimu zaidi ni tofauti ya muda kati ya kulipwa na kulipa. Tuseme mtangazaji, yaani kampuni inayonilipa kwa madodoso na majaribio hayo, hulipa siku 30 baada ya mwezi kumalizika. Kazi iliyofanywa tarehe 1 italipwa baada ya siku 60 hivi, na ile ya mwisho wa mwezi baada ya siku 30, yaani wastani wa siku 45. Ikiwa wewe unawalipa wanachama ndani ya siku 3, basi kwa siku 42 unawakopesha watangazaji kwa mfuko wako mwenyewe, na kama wanachama huchukua dola 100 kwa siku, unahitaji mtaji wa kuendeshea usiopungua dola 4,200. Wanachama wakiongezeka maradufu, mtaji huo nao lazima uongezeke maradufu, na ndiyo maana tovuti inayokua kwa kasi inaweza kuishiwa fedha huku hesabu za faida zikiwa nzuri kabisa.

Hapo bado hujagusa malipo yanayofutwa. Mtangazaji akikagua kazi na kuona kwamba mtu mmoja alifungua akaunti kadhaa, hukata fedha hiyo, ilhali wewe huenda umeshamlipa mhusika. Tangu nilipoumia kwa namna hiyo, pointi za kazi zenye malipo makubwa husubiri uthibitisho kabla ya kutolewa, na muda wa kusubiri huandikwa waziwazi pale pale penye kazi, kwa kuwa mwanachama anayecheleweshwa bila maelezo ana haki ya kukasirika.

Ada za miamala nazo zinahitaji hesabu. Ada ya nusu dola kwenye malipo ya dola 5 ni asilimia 10, lakini kwenye malipo ya dola 25 ni asilimia 2. Hata hivyo, usipandishe kiwango cha chini cha malipo mpaka mtu wa kawaida ashindwe kukifikia. Huko ni kumnyima jasho lake. Kamisheni za mialiko, yaani malipo ya mwanachama aliyewaleta wenzake, zikokotoe kwa kile kinachobaki baada ya gharama, na kodi itengwe kila mwezi.

Leo nina akaunti mbili za benki, moja ya fedha za wanachama na nyingine ya fedha iliyo yangu kweli. Kila Ijumaa nalinganisha salio la akaunti ya wanachama na jumla ya pointi zinazodaiwa, na salio likipungua, nasimamisha kutafuta wanachama wapya hadi fedha za watangazaji ziingie. Mimi mwenyewe hujilipa kutoka akaunti ya pili tu.