Maswali ya Wasomaji wa Tanga Kuhusu Rais Museveni

Tangu mradi wa bomba la mafuta ghafi ufike Chongoleani, wasomaji wetu wamekuwa wakiuliza habari za Rais Yoweri Museveni wa Uganda, aliyeingia madarakani mwaka 1986. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Swali (msomaji wa Chongoleani): Mafuta ni ya Uganda. Kwa nini Museveni aliamua yapite Tanga?

Jibu: Kenya ndiyo iliyotangulia, kwani mwaka 2015 Uganda ilikubaliana nayo kupitisha bomba hadi Lamu, lakini Aprili 2016 Kampala iligeuza uamuzi kwa hoja za gharama na usalama wa njia. Tarehe 5 Agosti 2017 Museveni na Rais John Magufuli waliweka jiwe la msingi hapo kwenu. Urefu wa bomba ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi na huganda kama samli wakati wa baridi, ndiyo maana bomba hilo hulazimika kupashwa moto njia nzima.

Swali (msomaji wa Ngamiani): Ni kweli aliwahi kuishi Tanzania?

Jibu: Ni kweli. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970, na akiwa mwanafunzi alifika katika maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo. Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote Januari 1971, Museveni alirudi kwetu kama mkimbizi, akafundisha Chuo cha Ushirika Moshi na kuunda kundi la FRONASA, ambalo wapiganaji wake waliingia Uganda pamoja na jeshi la Tanzania (JWTZ) katika vita vya 1978 na 1979.

Swali (msomaji wa Muheza): Alipataje urais, na imekuwaje akakaa muda wote huu?

Jibu: Katika uchaguzi wa Desemba 1980 chama chake kilishindwa, na yeye mwenyewe hakupata hata ubunge. Akidai kura zimeibwa, alishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981, akapigana msituni Luweero hadi Kampala ilipoanguka Januari 1986. Wakati huo alisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka, kauli ambayo wapinzani wake hawajaacha kumkumbusha.

Katiba ya 1995 iliweka vizuizi viwili: vipindi viwili vya urais, na umri usiozidi miaka 75. Cha kwanza kiliondolewa 2005, na cha pili Desemba 2017, miezi michache baada ya wabunge kutwangana ngumi na kurushiana viti ukumbini. Kwa kuwa alizaliwa 1944, bila mabadiliko hayo asingeweza kugombea mwaka 2021. Kwa maoni yangu, bunduki zilimwingiza Ikulu, lakini mikono ya wabunge ndiyo iliyombakiza.

Swali (msomaji wa Pangani): Wenzake wa msituni wako wapi?

Jibu: Wametawanyika. Paul Kagame ni Rais wa Rwanda. Kizza Besigye, aliyekuwa daktari wake msituni, aligombea dhidi yake mara nne kuanzia 2001, na Novemba 2024 alikamatwa Nairobi akafikishwa mahakamani Kampala. Jeshi lenyewe, tangu Machi 2024, linaongozwa na Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais, aliyekuwa bado mtoto mdogo vita vya Luweero vilipokuwa vikipiganwa.