Fungu kubwa la Hazina si fedha ya Hazina

Swali la wiki: “Kwa nini Wizara ya Fedha hutengewa fedha nyingi kuliko wizara nyingine, na Hazina hasa ina kazi gani?”

Fungueni kitabu cha bajeti ya Tanzania mkisome fungu kwa fungu, jibu litaonekana. Wizara ya Fedha ina mafungu kadhaa, yaani sehemu za bajeti zenye namba zake. Fungu 50 ndilo la wizara yenyewe: watumishi, ofisi, mifumo. Fungu 21 ni Hazina, Fungu 23 ni Mhasibu Mkuu wa Serikali. Uzito uko Fungu 22, Deni la Taifa. Mwaka 2023/24 bajeti ya Serikali ilikuwa shilingi trilioni 44.39. Ulipaji wa deni ulitengewa trilioni 12.77, na mishahara ya watumishi wa Serikali trilioni 10.88. Anayelalamika kwamba wizara imejipendelea anahesabu fedha inayopita tu kwenda kwa wakopeshaji wa nje na kwa wenye hatifungani (hati za kuikopesha Serikali) wa hapa nchini, yakiwemo mabenki na mifuko ya pensheni.

Deni halisubiri. Ibara ya 141 ya Katiba inalidhamini kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, kapu kuu la mapato ya Serikali. Mishahara nayo haiahirishwi. Viwili hivyo peke yake vilichukua zaidi ya nusu ya bajeti ile, kwa hiyo makusanyo yakipungua, panga linaangukia matumizi mengineyo (ya uendeshaji wa ofisi, nje ya mishahara) na miradi ya maendeleo. Ndiyo maana zahanati inaweza kuwa na watumishi wanaolipwa vizuri huku jengo lake likibaki bila paa.

Kazi ya Hazina inaanza hasa baada ya Bunge kupitisha bajeti, kwa sababu kupitishwa ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe bado inakusanywa. Kila fungu huwasilisha mpango wake wa mtiririko wa fedha. Katibu Mkuu Hazina, ambaye ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali, hugawa kulingana na kilichoingia. Fedha haitoki Mfuko Mkuu bila idhini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (wengi humjua kwa ukaguzi wakasahau udhibiti). Ikishatolewa, Afisa Masuuli wa fungu, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha zake, huandaa malipo katika MUSE, mfumo wa kompyuta wa malipo ya Serikali, nayo hupitia Benki Kuu hadi akaunti ya mtoa huduma.

Hapo ndipo mambo hukwama. Jina la akaunti lisipofanana na lililosajiliwa benki, malipo hurudi. Kasma, yaani kifungu cha matumizi ndani ya fungu, isipokuwa na salio, hati haipiti mpaka uhamisho wa fedha uidhinishwe. Kibaya kuliko vyote ni ofisi kuagiza bidhaa nje ya mfumo, kwa barua au kwa mdomo. Mfumo unapotoa oda, unatenga kiasi hicho kwenye kasma papo hapo. Oda ya mdomo haitengi chochote, na mzabuni anageuka dai la mwaka unaofuata, likishindana na bajeti ambayo haikulipangia. Malimbikizo mengi ya madai huzaliwa hivyo. Mengine huzaliwa na mgao wa kuchelewa: fedha ya mradi ikiingia wiki ya mwisho ya Juni, manunuzi hayawezi kukamilika kabla ya tarehe 30 mwaka unapofungwa, na bakaa, yaani fedha iliyobaki, inahitaji kibali ili ivuke mwaka.

Kwa hiyo mbunge au diwani anayetaka kujua hali ya mradi asiishie kwenye kiasi kilichoidhinishwa. Aombe namba tatu: kilichoidhinishwa, kilichotolewa na Hazina, na kilichotumika. Pengo likiwa kati ya ya kwanza na ya pili, suala ni la makusanyo au mgao, la kuulizwa Hazina. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, aulizwe Afisa Masuuli. Na mzabuni asipeleke mzigo kabla hajapata oda iliyotoka kwenye mfumo, hata kama anayeagiza ni mkuu wa ofisi.